Kitambaa Juu ya Goti

Jumanne, 4 Machi

Nimeficha jambo moja kwa miaka ishirini na tisa, na nimelificha vizuri. Binti yangu anaamini kwamba mama yake alikufa kwa sababu yeye alitoka chumbani kwa dakika tano. Si kweli. Najua si kweli kwa sababu mimi nilikuwamo chumbani.

Naandika katika daftari ambalo binti huandikia vipimo vya wateja wake. Kurasa za mbele zina mabega na viuno vya watu. Za nyuma nimezichukua mimi. Hajauliza. Anadhani naandika wasia, na hajakosea sana.

Jana daktari wa moyo alibonyeza mguu wangu uliovimba, akalitazama shimo la kidole likikawia kujaa, akasema, "Mzee, tuvuke mvua hizi kwanza." Nimefanya kazi hospitalini miaka thelathini na moja. Daktari akisema "kwanza" kwa sauti ile, hana "pili" mfukoni. Kwa hiyo nina msimu mmoja, na nimejiapiza kumwambia binti kabla mvua hazijakatika.

Leo imenyesha ya kwanza. Binti amefunga kamba za nguo sebuleni kama afanyavyo kila mwaka. Hadi mvua ziishe hataanika nje hata soksi. Tutaishi kama watu waliohamia ndani ya kabati.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari ameniandikia mazoezi. Mimi! Ni kama kumpeleka samaki kwa mwalimu wa kuogelea.

Ni katika ukumbi wa nyuma wa kituo cha afya, Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, kwa watu wenye maradhi yasiyopona. Viti vya plastiki vimepangwa nusu duara na vyote vinatazama mlango. Nikauliza kwa nini. Mwalimu, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba na sauti ya chini, akasema, "Wapo wasiopenda mlango uwe mgongoni mwao, Mzee. Basi tunatazama wote."

Kisha akagawa vipande vya kitambaa vya ukubwa wa leso. Ukikiweka juu ya goti, maana yake usiguswe. Ukikiweka chini ya kiti, anaweza kukugusa, lakini bado ataomba. Na mtu akisema "leo hapana," haulizwi sababu. Anaambiwa "asante kwa kuniambia," basi, mambo yanaendelea.

Nilicheka moyoni. Zamani zangu, mgonjwa akisema "leo hapana" ndipo kazi ilipoanzia.

"Mzee, ulikuwa ukifanya kazi gani?" akaniuliza jirani yangu wa kushoto, mkunga mstaafu ambaye baridi yabisi imempinda vidole kama tangawizi.

"Karani," nikasema. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema.

Kwa nini nilidanganya? Ukishadanganya mara moja kuhusu jambo kubwa, madogo hujidanganya yenyewe.

Binti alisubiri kwenye benchi nje ya mlango, saa nzima. Tangu siku ile hamwachi mgonjwa peke yake kwa zaidi ya dakika tano. Nimempima kwa saa yangu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Tumeinua visigino, tukashusha visigino. Nililala usingizi mzuri.

Ijumaa, 14 Machi

Jirani yangu wa kulia ni dereva wa mabasi ya masafa marefu, amestaafu, sukari imemtia ganzi miguuni. Ana utani usiokauka. "Karani," ananiambia, "mimi nimezunguka nchi nzima nikiwa nimekaa. Sasa nimekaa, wananiambia nizungushe vifundo."

Mkunga akamjibu, "Wewe zungusha, mwanangu. Usisukume mpaka nikuambie."

Tumecheka hadi Mwalimu akasema kicheko hicho kihesabiwe kuwa zoezi la kifua.

Nimeona jambo. Mwalimu akisema tufumbe macho tusikilize pumzi, daima huongeza, "au tazama sakafu, upendavyo." Dereva hafumbi kamwe. Na kitambaa chake hakijawahi kutoka gotini.

Jumatano, 19 Machi

Rafiki ya binti amekuja tena. Ana chumba cha biashara katika barabara ya maduka, ana cherehani tatu na wafanyakazi wawili, anataka washirikiane. Ni mwaka wa nne anauliza.

"Na Baba nimwachie nani?" binti akasema.

"Baba yako si mtoto."

"Ndiyo maana. Mtoto angelia nimsikie."

Mimi nilikuwa nyuma ya shuka lililoanikwa, nasikia kila neno. Nilijiambia, toka sasa, sema. Nilinyoosha mkono nikakuta bilauri ya maji. Ziko kila mahali katika nyumba hii: kando ya kitanda, dirishani, mpaka chooni. Binti hudhani mama yake aliinuka kwa sababu ya kiu. Kwa miaka ishirini na tisa ananiwekea maji mahali mkono unapofika.

Nikanywa. Sikutoka.

Ijumaa, 21 Machi

Mwalimu aliomba kunishika bega. Nilisema ndiyo. Alisubiri kidogo baada ya ndiyo yangu, kana kwamba inaweza kubadilika, ndipo akagusa. Mikono yangu imeshika maelfu ya mabega na haikuwahi kusubiri.

Jumapili, 23 Machi

Miguu mizito. Mwanangu wa kiume amepiga simu kutoka mbali aliko, akauliza kama nakula. Nimesema nakula.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekaa siku nzima nikitafuta namna ya kuandika haya.

Tulikuwa katikati ya zoezi la kusimama na kukaa. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa adabu, ghafla radi ikapiga juu ya bati, karibu sana, mpaka dirisha likalia. Dereva alikuwa ndiyo kwanza anainuka. Akaganda. Hakuanguka wala hakukaa. Alishikilia ukingo wa kiti, macho yametoka, mguu wa kulia unakanyaga sakafu, unakanyaga, unakanyaga. Nilielewa baadaye kwamba ulikuwa ukitafuta breki.

Mwalimu hakumkimbilia. Alikaa chini ili awe mfupi kuliko yeye, akaanza kusema polepole, "Tuko ukumbini. Ni Jumanne. Mlango ule pale, uko wazi. Mkunga yuko hapa. Karani yuko hapa."

Karani hakuwa pale. Nilikuwa nimeshasimama. Nilimwona mgonjwa anayetaka kuanguka, na mikono yangu ikafanya ilivyofanya maisha yake yote: ikapita chini ya makwapa yake kutoka nyuma, ikafungana kifuani, na kinywa changu kikasema, "Moja, mbili, tatu, juu!"

Dereva alipiga ukelele ambao sijausikia kwa mtu mzima. Akarusha kiwiko. Kilinipata ubavuni, nami nikakaa sakafuni kama gunia. Kitambaa chake kilikuwa pale pale, kimening'inia kwenye mkanda alikokichomeka aliposimama. Nilikuwa nimekiona. Sikukijali.

Binti aliingia mbio kutoka kwenye benchi. Mwalimu aliinua kiganja kumwomba asubiri, akanitazama, akaniuliza kwa utulivu kama naumia. Nikasema hapana. Akarudi kwa Dereva, akaendelea kumtajia vitu vya chumbani, dirisha, saa ya ukutani, viatu vyake mwenyewe, mpaka mguu ukatulia na mtu akarudi usoni mwake. Ilichukua dakika kumi. Enzi zangu ningempeleka hatua ishirini katika dakika kumi, naye asingerudi kabisa.

Walipotuletea chai, Mkunga aliniangalia juu ya kikombe anachokishika kwa viganja viwili.

"Karani gani wewe unayemkamata mtu kikwapa cha hospitali?"

Nilifungua mdomo, lakini binti yangu alikuwa ameshaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Karani? Baba? Huyu alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitali kubwa! Walimwita Sajini. Wagonjwa wakisikia viatu vyake koridoni walijifungia chooni." Akanifuta vumbi begani, kwa fahari, jamani, kwa fahari. "Hakuna mgonjwa aliyemshinda Baba. Hata Mama, kiharusi kilimchukua upande mzima, na Baba alishamfikisha mlangoni. Angekuwa anatembea hadi leo." Hapo akashusha sauti. "Isingekuwa mimi. Niliachiwa nimwangalie, mvua ikaanza, nikatoka kuanua nguo. Dakika tano tu. Akainuka peke yake."

Mwalimu hakumwambia "si kosa lako," kama wasemavyo wote. Alisema, "Umelibeba hilo tangu ukiwa mdogo."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," binti akasema.

Nilikuwa nimekaa umbali wa hatua moja. Nilichokisema, Mungu ananisikia, ni hiki: "Chai inapoa."

Jumatano, 2 Aprili

Ubavu unauma. Vizuri.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilifika mapema nikamsubiri Dereva mlangoni. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu. Nikamwambia tu, "Nilikiona kitambaa chako. Nilikiona, nikakushika."

"Lile basi langu la mwisho," akasema, "walikuja watu wazuri kunitoa. Walinivuta kikwapa hivyo hivyo, wakahesabu. Mimi nilikuwa nawaambia ngojeni, mguu umebanwa. Hawakunisikia, walikuwa wanahesabu." Akapumua. "Ndiyo maana, Mzee. Si wewe."

"Ni mimi pia," nikasema.

"Basi ni wewe pia. Na ubavu wako je?"

"Unauma."

"Tumetoka sare." Akaniacha nitangulie kuingia, akanipigia kelele nyuma, "Sajini mzima anakimbiwa mpaka vyooni! Na mimi nilikuwa nakuomba unijazie fomu za pensheni!"

Kumbe inawezekana. Unasema ulichofanya, unataja na kile ulichokiona ukakipuuza, na mtu bado anakuambia tangulia.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua siku nzima. Nguo hazikauki. Nimevaa shati lenye unyevu nikanyamaza.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimelazwa siku nne na kurudishwa. Maji yamepanda mpaka mapajani. Siendi tena ukumbini. Dereva ametuma salamu kwamba kiti changu amekiwekea mguu mmoja, kisichukuliwe.

Jumatano, 16 Aprili

Nitaandika sasa ilivyokuwa, angalau hapa.

Ilikuwa saa saba mchana. Nilirudi kula, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Nilimkuta mke wangu amekaa ukingoni mwa kitanda peke yake. Nje nilisikia binti akivuta nguo kambani, mvua inaanza. Asubuhi hiyo mganga mkuu alikuwa amenisifu mbele ya wenzangu. Nilikuwa nimejaa sifa kama puto. Nikasema tufanye hatua kumi, binti akirudi amkute mama yake amesimama dirishani. Nikamwinua. Hatua ya nne goti lake lilikataa, nami sikuwa nimevua viatu, sakafu ilikuwa na maji niliyoingia nayo. Tulianguka wote wawili. Mimi niliangukia mkono. Yeye aliangukia kona ya sanduku la nguo.

Binti alipoingia na kapu nilikuwa nimepiga magoti. Nikasema, "Nimemkuta sakafuni."

Maneno mawili. Aliishi siku tisa bila kuzungumza. Kila siku nilisema nitasahihisha kesho. Kisha binti akakataa kwenda chuo cha ualimu, akanunua cherehani. Nikaona nimechelewa, kana kwamba kuchelewa ni sababu ya kuchelewa zaidi.

Bado sijaandika yote. Kuna kitu kimoja kimebaki, na kalamu inakizunguka kama kuku azungukaye nyoka.

Jumanne, 22 Aprili

Mwalimu amenitembelea. Alibisha hodi mara mbili, ya mlango wa nje na ya chumba, ingawa chumba kilikuwa wazi. Alipendekeza tusogeze mikono kidogo, nikiwa nimelala, ili kifua kifunguke.

Nikasema, "Leo hapana."

Nilijisikia nikisema. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kusema hivyo kwa mtu aliyekuja kunisaidia.

"Asante kwa kuniambia," akasema. Akakaa. Hakutazama saa, hakusema "kidogo tu," hakusema "kwa faida yako." Alikaa, mvua ikanyesha, na mimi nikalia kama mtoto aliyepigwa, mpaka pua ikaziba. Kisha nikaanza kumweleza: "Mwalimu, mke wangu..."

Akaniinamia. "Mzee, ukitaka nisikie, nitasikia. Lakini niambie kwanza: hili ni langu, au ni la yule aliye jikoni?"

Jikoni binti alikuwa akiimba, anakosea maneno kama kawaida yake.

"Ni la jikoni," nikasema.

Alipoondoka aliniachia kipande cha kitambaa. Binti akaja akakitazama, akakigeuza, akasema pindo limeshonwa ovyo. Jioni alikuwa ameshona vipya thelathini kutokana na mabaki ya sare za shule, vya bluu, pindo safi, ili vipelekwe ukumbini. Cha juu kabisa amenipa mimi. "Ukichoka na mimi, Baba, weka gotini. Nitaelewa."

"Sijawahi kuchoka na wewe."

"Weka akiba," akasema.

Jumapili, 27 Aprili

Jua limetoka kwa saa tatu nzima. Niliogopa. Nilitazama mbingu kama mkopaji aonaye mdai.

Jumatatu, 28 Aprili

Imenyesha. Nimeshukuru.

Alhamisi, 1 Mei

Mkunga amekuja na Dereva, kwa teksi, wameshikana mikono kama maharusi waliochelewa. Dereva ameniletea peremende zisizo na sukari, ambazo amezila mwenyewe. Mkunga alibaki nyuma kidogo wakati Dereva akiagana na binti mlangoni.

"Nimezalisha miaka arobaini," akaniambia. "Mtu mwenye kitu kinachotaka kutoka namjua usoni. Mficha uchi hazai, Sajini."

"Nikizaa sasa nitaumia."

"Wote huumia. Wewe unamwonea huruma mzazi, mimi namwangalia mtoto." Akaelekeza kidevu upande wa binti yangu.

Jumamosi, 3 Mei

Pumzi fupi. Mvua nyembamba.

Jumanne, 6 Mei

Naandika mwenyewe, polepole, nikiwa nimeegemea mito mitatu. Mwandiko utasamehewa.

Asubuhi binti alikaa miguuni pangu akikunja nguo zenye unyevu. Rafiki yake wa cherehani tatu alikuwa amepiga simu. Amepata mtu mwingine wa kushirikiana naye, atampa jibu kesho. Binti aliniambia hivyo kwa wepesi, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Nilikitoa kitambaa cha bluu gotini kilipokuwa tangu usiku, nikakiweka chini ya mto. Yeye aliona.

"Mwanangu," nikasema, "naomba nikuambie jambo kuhusu mama yako. Ukisema leo hapana, nitanyamaza na sitauliza."

Mikono yake ilisimama. "Sema, Baba."

"Sikumkuta sakafuni. Nilikuja wakati ukiwa nje. Nilimwinua mimi, nikamtembeza, tukaanguka. Nilikuwa na viatu vyenye maji. Wewe hukufanya lolote. Ungekuwapo au usingekuwapo, ningemwinua tu. Nilikudanganya ulipoingia, na kila siku tangu hapo."

Alikuwa na shati langu mkononi. Alilikunja. Akalikunjua, akalikunja tena, mara tatu nilihesabu, nikajilaumu kwa kuhesabu. Kisha akaliweka chini, akainuka, akatoka nje mvuani bila khanga wala viatu. Nilisikia hatua zake zikizunguka uani. Niliangalia saa. Dakika tano zikapita. Zikapita kumi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniacha kumi.

Ilikuwa ya ishirini na sita aliporudi. Maji yalimchuruzika kwenye nyusi. Hakunikaribia. Alikaa kwenye kigoda kando ya mlango, akaitazama bilauri iliyo dirishani.

"Kwa hiyo hakuwa na kiu," akasema.

"Hapana."

"Nimejiuliza miaka yote, Mama alitaka nini mpaka akainuka. Maji? Dirisha? Aliniita nisimsikie?" Sauti ilimkatika, akaiunga. "Sitaki unipoze, Baba. Usiniambie hukukusudia, hilo najua. Niambie hili moja. Ulipomwendea, alisema nini?"

Hicho ndicho kitu ambacho kalamu ilikuwa ikikizunguka. Sijakiandika popote. Sikumwambia daktari wala Mungu kwa maneno. Mke wangu baada ya kiharusi alikuwa na maneno machache, na yalimtoka kwa shida, moja moja, kama mtu anayepitisha uzi tunduni gizani.

Nilimtazama binti yangu usoni, nikamwambia.

"Alisema, 'Leo hapana, Sajini.' Alisema vizuri kabisa, akitabasamu. Nami nilisikia, nikahesabu moja, mbili, tatu."